Anatafutwa Mgeni wa Swali la Pili

"Haya, tegeni masikio, habari ya wiki, hii hapa," alisema Kiraka, ameinua simu juu utadhani anaitafutia mtandao. "'Ukumbi wa Mafundi Programu watangaza Wiki ya Ukarimu. Wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta sasa watapokewa kwa mikono miwili.' Mwisho wa kunukuu. Shangazi, nishikie kikombe, nisije nikajiunguza kwa kicheko."

"Mikono miwili?" Mkato akadakia. "Mmoja wa kumpokea na wa pili wa kumzaba kibao?"

"Wale hawana mikono, kaka. Wana viwiko vitupu."

Benchi zima likaangua kicheko, kisha macho yote yakamgeukia Kufuli, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika. Alikaa taratibu, akaweka simu pajani skrini ikitazama juu, akaomba kahawa bila sukari. Kwa kawaida sukari yake huweza kusimamisha kijiko, kwa hiyo Shangazi alijua hapo hapo kuwa kuna jambo.

Kibaraza hicho ni cha duka la Kiraka, fundi simu mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Mkato ni kinyozi wa mlango wa pili, mtu ambaye akisikia mjadala umepamba moto humwacha mteja na nusu kichwa. Kwenye kona yenye kivuli hukaa Bwana Faili, mstaafu wa masijala, mpole, anayesema kana kwamba kila neno lazima lipigwe mhuri kabla halijatoka. Mwenye birika ni Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yao, ila hakuna anayethubutu kumwita vinginevyo.

Na Kufuli ni mwandishi wa programu katika kampuni ya bima, ghorofa ya ng'ambo ya barabara. Hiyo ni kazi ya mchana tu. Maisha yake yako kwenye Ukumbi wa Mafundi Programu, mahali pa mtandaoni ambapo waandishi wa programu huulizana na kujibizana, naye ndiye msimamizi mkuu. Kazi kubwa ya msimamizi mkuu ni kufunga maswali ya watu. Swali limekaa vibaya, anafunga. Swali limeshaulizwa, anafunga. Jina la Kufuli alipewa na Kiraka, akalinunia wiki nzima, lakini siku hizi hata mkewe humwita hivyo anapopiga simu kuuliza kama atarudi kula.

"Chekeni," Kufuli alisema. "Hilo tangazo nimeliandika mimi."

"Tumejua. Lina vifungu na vifungu vidogo." Kiraka alikuwa tayari ameufungua ukumbi wenyewe kwenye simu. "Sikilizeni wanavyompokea mgeni. 'Karibu sana! Tunafurahi kuwa nawe. Kabla hujasema lolote, soma Mwongozo wa Mgeni, Kanuni za Kuuliza, Nyongeza ya Kanuni za Kuuliza, na Makosa ya Wageni Waliokutangulia.'"

"Hao waliotangulia wako wapi sasa?" Shangazi aliuliza.

"Wamefungiwa, Shangazi. Hawaruhusiwi kuingia."

"Ebo! Kwa hiyo mgeni akifika anatembezwa makaburini kwanza?"

Mkato alijipiga paja. Kufuli hakucheka. Alikunywa kahawa yake chungu, akakunja uso, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, ukumbi unafungwa leo."

Kicheko kikakatika.

"Unafungwa na nani? Mfungaji si wewe?" Kiraka aliuliza, ingawa naye sauti ilikuwa imepungua makali.

"Na wenye mitambo. Ile kampuni inayotupa kompyuta za kuendeshea ukumbi. Wametuma mtu, mama mmoja mpole sana, yaani mpole hadi nikaogopa. Akasema, 'Watu wapya wanajiunga kila siku, hilo tunaliona. Tunachotaka kuona ni mgeni mmoja tu anayerudi kuuliza swali la pili.' Nikamwambia wapo wengi. Akasema, 'Nionyeshe.' Nimetafuta, ndugu zangu. Mwaka mzima. Hayupo."

"Hata mmoja?"

"Kila mgeni anauliza mara moja, halafu haonekani tena. Ndiyo wakatupa hii Wiki ya Ukarimu. Mgeni mmoja, swali la pili, kabla ya saa za kufunga ofisi leo jioni, siku ya mwisho, la sivyo wanazima mitambo. Na hilo la pili likifungwa halihesabiwi. Pale juu wameweka kijinamba cha kuhesabia." Aliwaonyesha. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na sifuri kubwa, ya duara, iliyotulia.

Kufuli aliitazama ile sifuri. Ofisini kwake aliitwa "yule wa kompyuta za chini", na bosi wake bado alikuwa akikosea jina lake. Lakini kule ukumbini akiandika neno moja, watu wazima huko waliko wanafuta walichoandika na kuomba radhi. Ujana wake wote ulikuwa mle. Mahali pengine pa kuogopwa hakuwa napo.

"Sasa si ujitengenezee jina jipya, ujiulize mwenyewe?" Mkato alishauri.

"Wanajua. Wanataka mtu mpya kweli, asiyejua kitu kabisa." Kufuli akawazungushia macho, mmoja baada ya mwingine.

"Anatutazama hivyo kwa nini huyu?" Kiraka aliuliza.

"Ametuona hatujui kitu," alisema Bwana Faili, na wala hakukasirika.

"Nawaomba. Jiungeni. Ulizeni swali, mjibiwe, mkae kidogo, kisha mmoja wenu aulize la pili. Basi. Nitakuwa nimekaa hapa hapa. Kitaharibika nini?"

Mkato alikuwa wa kwanza, maana kinyozi haogopi kuanzisha mazungumzo na mtu asiyemjua, ndiyo kazi yake. Aliingia kwake, akamfuta nywele mteja wake shingoni, akamwambia "nakuja sasa hivi", akatoka na simu. Aliandika huku akisoma kwa sauti: "'Habari za mchana, wapendwa. Natumaini hamjambo nyote pamoja na familia zenu. Mimi ni mgeni, nimeona nipige hodi kwanza kabla ya kusema shida yangu.' Safi?"

"Safi sana," Shangazi alisema. "Umelelewa."

Akatuma. Jibu lilirudi kabla hajainua kikombe, naye akalisoma huku sauti ikizidi kuzama. "'Mfagio: Nimeondoa salamu. Nimeondoa habari za familia. Nimeondoa hodi. Ujumbe wako sasa ni mtupu. Kutuma ujumbe mtupu ni kosa. Umefungiwa.'"

Kiraka alicheka hadi akashika nguzo.

"Mfagio ndiye nani?" Mkato aliuliza. "Maana huyo mtu nikikutana naye..."

"Si mtu. Ni programu." Kufuli alikuwa akichezea sikio la kikombe. "Inasafisha maswali. Salamu zinawachosha wasomaji, unajua, mtu anataka afike moja kwa moja kwenye..."

"Nani aliitengeneza?" Shangazi akamkata.

"Mimi."

Shangazi aliliweka birika chini. "Umekaa chini, mtu mzima, umetengeneza mashine ya kufuta salamu?"

"Shangazi, ni kwa ajili ya ubora wa..."

"Mama yako anajua?"

Kufuli alisema tu kwamba angeizima kama angeweza, lakini ilikuwa inakaa kwenye kompyuta ya jamaa mmoja wa zamani.

"Mpigie huyo jamaa aizime."

"Tulimfungia."

"Kwa kosa gani?"

"Alitusalimia."

Hapo hata Bwana Faili alitabasamu. Mkato alirudi kwa mteja wake akisonya, na kupitia dirishani wakasikia mashine ya kunyolea ikinguruma kwa hasira ambayo yule mteja hakustahili.

"Niachieni mimi," Kiraka alisema. "Wale wanataka mtu wa kazi, asiye na maneno mengi." Alikuwa na kijiprogramu alichokuwa akijifundisha jioni jioni, cha kumwambia mteja kama simu yake imeshatengenezwa, nacho kilikuwa kinagoma. Aliandika bila salamu wala hodi: Nimeandika programu yangu ya kwanza. Inagoma mstari wa nne. Tatizo ni nini?

Mfagio ulipita, haukukuta cha kufagia. Kufuli akasogea karibu. Mtu aliyejiita Bwana Mashine akatokea.

"Anauliza, 'Umesoma mwongozo?'" Kiraka alisoma, akaandika: Mwongozo upi? Jibu likaja. Kiraka akalisoma nalo. "Anasema, 'Ule ambao ungeusoma usingeuliza.'"

"Huyo Bwana Mashine anajua sana," Kufuli alijitetea haraka. "Ni bingwa. Ana namna yake tu."

"Namna yake! Mteja akiniletea simu iliyodumbukia ndooni, mimi humuuliza kama amesoma mwongozo wa maji?"

"Lakini umeshauliza maswali mawili hapo," Mkato alipaza sauti kutoka dirishani. "La mstari wa nne na la mwongozo upi. Amepita!"

"Hilo la mwongozo ni la chini kwa chini, halihesabiwi. La pili ni lile unalolianzisha upya, kwa hiari yako. Kiraka, ndugu yangu, vumilia. Mwambie asante, kisha..."

Lakini vidole vya Kiraka vilikuwa vimeshaondoka. Alichomwandikia Bwana Mashine hakikusomwa kwa sauti kwa heshima ya Shangazi, ila Shangazi alichungulia, akakisoma mwenyewe, akasema "hapo kwenye babu yake umezidisha". Kiraka akafungiwa, na sababu ikaandikwa kwa herufi nyekundu: kukosa ukarimu katika Wiki ya Ukarimu.

"Mnanicheka," Kufuli alisema, ingawa aliyekuwa akicheka ni Mkato tu, kule dirishani. "Na hapa kijiweni je? Yule karani mpya wa benki alikaa hapa mara moja, mkamhoji anashabikia timu gani, hajaonekana tena."

"Yule alishabikia vibaya," Kiraka alijibu.

"Haya sasa! Tofauti yetu nini?"

"Tofauti ni kwamba sisi hatukutoa tangazo."

Kufuli alitazama ghorofa ya ng'ambo. Kivuli cha jengo kilikuwa kimeanza kulala juu ya barabara. Sifuri ilikuwa pale pale. Akamgeukia mtu wa mwisho aliyebaki, na akaona aibu kidogo, maana Bwana Faili alikuwa mtu wa umri wa baba yake.

"Mzee wangu."

"Nimeshakuelewa, mwanangu. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ifike." Bwana Faili alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. "Na mimi nina swali la kweli. Sijaja kukusaidia tu. Mama watoto wangu anasahau dawa zake za presha. Nikimkumbusha ananiambia namfanya mtoto mdogo. Nikinyamaza anasahau. Juzi alianguka pale jikoni, ni vile tu jirani alikuwa karibu. Nikasema, kama simu yake ndiyo ingemwambia, si mimi, labda asingegomba nayo. Kengele za kawaida nimejaribu, anazizima akidhani ni za kumwamshia mjukuu. Nataka kutengeneza kitu kinachosema kwa sauti yangu. Nianzie wapi?"

Hakuna aliyetania. Hata mashine ya Mkato ilinyamaza.

"Hilo," alisema Kufuli taratibu, "ni swali zuri sana, mzee. Liandike hivyo hivyo."

Bwana Faili aliandika kama alivyofundishwa masijala: shikamoo kwa wakubwa, hamjambo kwa wadogo, pole kwa kazi, dondoo ya jambo, maelezo ya jambo, na shukrani kabla na baada ya msaada. Aliandika kwa kidole kimoja. Kufuli aliuma meno akingoja. Hatimaye akatuma, na Mfagio ukapita, ukabeba shikamoo, ukabeba hamjambo, ukabeba pole, ukabeba mke, jikoni na jirani. Kilichobaki mbele ya dunia kilikuwa maneno mawili: Nianzie wapi?

"Imekula na mke wangu," alisema Bwana Faili.

Mabingwa walifika kwa kishindo. Wa kwanza akamtajia lugha ya kompyuta ya kuanzia. Wa pili akasema lugha hiyo ni ya watu wavivu. Wa tatu akasema wa pili hajui historia. Bwana Mashine akaingia akiwaambia wote watatu kwamba lugha wanazogombania zimekufa zamani, na kwamba yeye mwenyewe alizizika. Ndani ya muda mfupi majibu yalikuwa yamefika chini hadi kidole cha Bwana Faili kikachoka kusukuma.

"Wananijibu mimi?"

"Wanajibizana, mzee," alisema Kiraka. "Wewe umewaletea uwanja tu."

"Na huyu hapa anauliza, 'Umejaribu nini mpaka sasa?'"

"Huyo ni mzuri!" Kufuli aliruka. "Mjibu huyo!"

Bwana Faili akaandika: Nimejaribu kumkumbusha kwa mdomo, akanuna. Yule mtu akajibu kwamba hilo halina ushahidi, na je, amefikiria kuwa tatizo lake halisi si programu bali ndoa. Bwana Faili alisoma maneno hayo mara mbili, midomo ikicheza. Alikuwa bado anatafuta la kujibu wakati mstari wa kijivu ulipokata skrini yake. Swali limefungwa. Limeshaulizwa. Tazama hapa.

"Umenifungia?"

"Si mimi! Mzee, naapa, mikono yangu hii hapa." Kufuli aliinua mikono yote miwili. "Ni msimamizi mwingine. Lakini subiri, kasema limeshaulizwa, maana yake jibu lipo. Bonyeza hapo."

Bwana Faili akabonyeza. Likafunguka swali la zamani, la mtu mwingine aliyetaka kujua aanzie wapi. Nalo lilikuwa limefungwa: limeshaulizwa, tazama hapa. Akabonyeza. La tatu nalo lilikuwa limefungwa. Akabonyeza, huku Kiraka na Mkato wamemwinamia begani, mteja wa Mkato naye amefika na kitambaa shingoni na nywele upande mmoja. Walizunguka kutoka swali hadi swali hadi Bwana Faili akasimamisha kidole.

"Hili ni langu," alisema. "Nimerudi kwangu."

Yule mteja wa nusu kichwa ndiye aliyeanza kucheka, wakamfuata wengine. Kufuli peke yake ndiye aliyebaki ameshika tama. Alilijua hilo duara. Alishaliona zamani, akaona ni jambo dogo, wageni hawafiki mbali kiasi hicho.

"Lifungue basi, si wewe ndiye mkuu?" Shangazi alimwambia.

"Likifungwa, kulifungua ni lazima wasimamizi watano wapige kura. Hatujawahi kukubaliana watano. Hiyo kanuni..." Akasita. "Niliiweka mimi, ili watu wasitulegezee ubora."

"Kijana wangu, hebu nikuulize." Shangazi alikaa kwenye kigoda chake, jambo analolifanya pale tu anapotaka kummaliza mtu. "Hicho anachokitaka mzee, wewe unakijua?"

"Cha dawa? Shangazi, hicho ni kitu cha kukaa naye kidogo tu. Nakifanya nimefumba macho."

"Na umekaa naye benchi moja. Magoti yenu yanagusana. Kwa nini usimwonyeshe hapa hapa?"

Kwa kweli wazo hilo halikuwa limempitia Kufuli akilini, na aliona haya kwamba halikumpitia. Lakini macho yake yalikwenda kwenye simu, kwenye kona, kwenye sifuri.

"Nikimjibu hapa halihesabiwi," alisema.

Shangazi alichukua kikombe cha Kufuli kilichobakiza kahawa nusu, akakimwaga barabarani, akakisuuza. Kwa Shangazi hiyo ni hotuba ndefu.

"Mzee," Kufuli alimgeukia Bwana Faili, na sasa alikuwa anabembeleza waziwazi. "La pili tu. Swali lolote. Sikulazimishi ulipende jibu. Nitakufundisha hiyo ya dawa, kesho, naahidi. Lakini leo niulizie la pili. Watu wameanza kutoka maofisini. Tazama."

Ni kweli, mlango wa ghorofa ulikuwa ukimwaga watu wenye mikoba. Bwana Faili alivua miwani, akaifuta tena. Uso wake ulikuwa umechoka namna ambayo Kufuli hakuwahi kuiona pale kijiweni.

"Mwanangu, masijala walikuwa wanakuja watu hawajui hata wanatafuta nini. Mjane analia, hajui jalada la mumewe linaitwaje. Tulimpa kiti kwanza. Siwasemi vibaya hao wenzako, ni watu wenye elimu kubwa. Ila mimi humo sijapewa kiti." Akavaa miwani. "Hata hivyo umeniomba. Na kusema kweli, swali la pili ninalo."

Aliandika kwa kidole kimoja, safari hii bila shikamoo, kwa sababu alikuwa ameshajifunza. Akatuma. Kufuli alilisoma kwenye simu yake mwenyewe: Nataka kujitoa humu. Natokaje?

Na pale juu, kwenye kona, sifuri ikatikisika ikawa moja.

"Imesoma!" Kiraka alipiga ukelele. "Imesoma, jamani! Mgeni karudi!"

Kufuli alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimkumbatia Mkato, akamkumbatia hadi mteja wa Mkato, akatoka na nywele kifuani. Lakini kilichomshangaza zaidi ni kilichofuata. Majibu yalianza kumiminika, na hayakuwa majibu aliyoyazoea.

"Hebu sikilizeni," alisema. "'Pole sana kwa usumbufu, ndugu yetu. Hatua ya kwanza, gusa picha yako iliyo juu kulia.' Huyu amechora hadi mshale! Mwingine huyu: 'Ukikwama popote nipo, niulize bila kuogopa.' Hawagombani! Wanapokezana! Na huyu, jamani, huyu ni Bwana Mashine mwenyewe: 'Nimekuandalia maelezo kwa herufi kubwa endapo macho yanasumbua. Safari njema, mzee wetu.'"

"Kumbe wanajua," alisema Shangazi.

"Wanajua! Niliwaambia! Ni watu wazuri, walihitaji tu swali wanalolipenda." Machozi yalikuwa yanamlenga Kufuli na hakujali nani anamwona. Aliteremka na majibu, moja baada ya jingine, yote ya upole, yote kamili, kazi safi kuliko yoyote aliyowahi kuisimamia. Bwana Faili naye alikuwa akifuata kwenye simu yake, kidole juu ya ule mshale, akinong'ona "picha yangu, juu kulia".

Chini kabisa ya ukurasa wa Kufuli kulikuwa na mstari mdogo ambao huonekana na wasimamizi peke yao. Mtambo ulikuwa unamkumbusha, kwa adabu, kwamba swali hili limewahi kuulizwa na wageni wengi mno waliotangulia. Limeshajibiwa. Na kando yake, kile kitufe cha kufunga.

Hakukusudia. Alikuwa bado anatabasamu, bado ana unyevu machoni, na akili yake ilikuwa kwa yule mama mpole wa kampuni, atakavyompigia simu na kumwambia ulisema nionyeshe, haya nakuonyesha. Kidole gumba chake kilikuwa kimefanya kazi hiyo moja ujana wake wote. Hakikumsubiri.

Swali limefungwa.

Majibu yote yakajikunja, mishale, herufi kubwa, safari njema. Moja ikarudi kuwa sifuri. Kufuli alikitazama kidole gumba chake. Alikiinua hadi karibu na uso, akakigeuza, akakitazama na upande wa pili.

Kiraka alifungua mdomo, akaufunga. Watu waliomjua tangu afungue duka lile walikuwa hawajawahi kuliona hilo.

"Watano," Kufuli alinong'ona. "Nikiwapata watano sasa hivi..." Lakini wasimamizi walikuwa wameshaanza kubishana kama kura ipigwe kwanza au utaratibu wa kura ujadiliwe kwanza, na ng'ambo ya barabara mlinzi alikuwa anavuta geti. Mteja wa Mkato akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumaliziwa kichwa. Mkato akamshika mkono wakaondoka kwa kunyata, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Shangazi alianza kukusanya vikombe.

Bwana Faili peke yake ndiye alikuwa bado ameinamia simu, anasukuma juu, anasukuma chini.

"Kufuli, mwanangu," alisema, "nilikuwa nimefika hatua ya pili. Hizi nyingine zimekwenda wapi? Sasa mimi natokaje humu?"

Kufuli alikishusha kidole gumba chake.

"Usihangaike, mzee," alisema. "Ngoja kidogo tu. Tunatoka wote."